Bolti na Kasiba Yake: Namna ya Kupima Nafasi ya Ganda katika SAR

Bunduki ambayo macho ya watu wa Simiyu yamezoea kuiona begani mwa askari wa wanyamapori apitaye kando ya Pori la Akiba la Maswa, au mwa askari asindikizaye fedha za pamba msimu unapofunguliwa, ni ile iitwayo SAR, ya mbao na chuma, yenye singe ikunjwayo chini ya kasiba na magazini ya risasi 10. Aliyeibuni ni Mrusi Sergei Simonov, na mwaka 1945 ndio ulioingizwa katika jina lake huko kwao. Wachina wakaiiga mwaka 1956, na nyingi kati ya hizi tulizo nazo hapa nchini asili yake ni mikononi mwa Wachina hao. Ni bunduki mvumilivu mno. Huvumilia vumbi la Bariadi la mwezi wa Agosti na tope jeusi la mbuga za Meatu wakati wa masika, na uvumilivu wake huo ndio uwafanyao walio nayo wasahau kuwa ndani yake mna kipimo kimoja kidogo sana, chembamba kuliko ukucha, ambacho kikikosekana uvumilivu wote huo hauna faida.

Kipimo chenyewe mafundi hukiita hedispesi. Mimi nitakiita nafasi ya ganda. Risasi inapoingia chemba, husonga mbele mpaka mahali fulani pa ganda lake paguse ukuta wa chemba na kukataa kwenda zaidi. Kisha bolti huja nyuma yake, hufunga, na kuziba mlango. Masafa kutoka uso wa bolti iliyofungwa hata pale ganda lilipogotea ndiyo nafasi tunayoizungumzia. Ikiwa fupi mno, bolti haitafunga. Ikiwa ndefu mno, bolti itafunga vizuri kabisa, wala hapana dalili yoyote ya nje itakayomwonya mpigaji, na hapo ndipo penye hatari, maana kosa lisilozuia kazi ndilo lidumulo.

Haimtoshi msomaji kuambiwa kwamba hatari ipo. Na aione inavyotokea. Baruti ikiwaka, nguvu ndani ya chemba hupita angahewa 3,000, na jambo la kwanza ambalo nguvu hiyo hulifanya ni kulivimbisha ganda mpaka kuta zake, ambazo mbele ni nyembamba, zishikamane na kuta za chemba kama ngozi iliyolowa iliyowambwa juu ya ngoma. Mbele kumekwisha kushikwa, lakini kitako cha ganda, ambacho ni kinene na hakishikwi na kitu, husukumwa nyuma kuitafuta bolti. Kikiikuta papo hapo, hakuna lililotendeka. Kikilazimika kusafiri kwanza, japo safari ya unene wa karatasi mbili tatu, basi chuma cha ganda hunyooshwa pale penye mpaka baina ya kitako kinene na ukuta mwembamba, hukonda, na mwisho hukatika. Na hewa ya moto iliyokuwa imefungiwa hupata njia ya kurudi nyuma, kupitia mtambo na magazini, kuelekea jicho na mkono wa kushoto wa aliyelenga.

Kabla ya kuendelea yafaa kujua ganda hugotea wapi, kwa kuwa si bunduki zote ni sawa, na katika mkoa huu huu hupatikana za aina tatu. Risasi ya SAR, ambayo ganda lake lina urefu wa milimita 39, hugotea begani, yaani pale ganda linapopunguka kuwa shingo. Rifle za 375 na 458, ambazo wawindaji wenye vibali huja nazo kwa nyati na tembo, maganda yake yana mkanda wa chuma kiunoni juu kidogo ya kitako, na mkanda huo ndio ugotao. Na zile rifle za kale za 303, ambazo askari wa KAR, jeshi la Waingereza la Afrika Mashariki, walizibeba mpaka Burma katika Vita Kuu ya Pili, ganda lake lina ukingo uliotokeza kitakoni, na nafasi hupimwa kwa unene wa ukingo huo peke yake: milimita 1.63 bolti ifunge, milimita 1.88 ikatae. Kwa hiyo geji ya bunduki moja haifai kwa nyingine, na mtu akuambiaye kwamba anayo geji ifaayo zote, mshukuru kwa adabu uondoke na bunduki yako.

Sasa, nafasi hiyo huharibika kwa sababu gani? Watu wengi watajibu, kwa uzee; na ni kweli kwamba bolti iliyogonga kizuizi chake mara elfu nyingi hulika, na kizuizi nacho hulika. Lakini mimi nina yakini kwamba katika ghala za silaha sababu iliyo kubwa kuliko uzee ni beseni. Niliwahi kuona, mahali ambapo sitapataja, SAR nne zimefunguliwa asubuhi moja juu ya gunia la pamba, bolti zote nne zikatiwa pamoja ndani ya beseni moja la mafuta ya taa, zikasuguliwa kwa bidii ya kusifiwa, kisha zikarudishwa kila mmoja akichukua iliyo karibu na mkono wake. Zote zilifunga. Zote zililia “klak” kama inavyotakiwa. Miezi kadhaa baadaye mojawapo ikatoa nusu ya ganda tu, na nusu ya pili ikabaki imeng’ang’ania ndani ya chemba, na mpigaji akanusurika kwa kuwa hewa ya moto ilishukia magazini. Mzee aliyekuwa akitunza ghala, ambaye nilimwamkia “Mwangaluka” asubuhi yake naye akaitikia kwa unyonge, aliniambia, “Mwanangu, tulizisafisha mno.” Hawakuzisafisha mno, walizichanganya.

Maana kiwandani bolti haikutengenezwa tu ikaingizwa katika bunduki yoyote. Ilichaguliwa, ikapimwa na kasiba moja, ikaonekana wanapatana, kisha ikapigwa muhuri wa nambari ile ile iliyo katika kiwiliwili cha bunduki. Hii ni ndoa, na cheti chake kimechorwa katika chuma. Basi kazi ya kwanza ya kupima nafasi ya ganda haihitaji geji hata moja: soma nambari. Isome iliyo katika kiwiliwili, isome iliyo katika bolti, isome iliyo katika kibebeo cha bolti, uziandike zote tatu katika daftari. Zikilingana, una sababu ya kutumaini. Zikitofautiana, usiipige bunduki hiyo mpaka imepimwa, hata kama umeikuta hivyo tangu miaka 10 na haijawahi kukuudhi. Na ukiwa na ghala lenye bunduki nyingi, itafute bolti yenye nambari iliyokosekana, maana huenda imelala ndani ya jirani yake.

Tukija kwenye kupima kwenyewe, sharti lililo mbele ya masharti yote ni kwamba risasi hai haina nafasi katika chumba hicho. Ondoa zote, uzifungie chumba kingine, na ufunguo apewe mtu mwingine asiyeshiriki kazi. Fungua magazini, vuta bolti nyuma, tazama chemba kwa jicho kisha uiguse kwa kidole, kwa kuwa jicho huona linalolitarajia. Wako watu wapimao kwa kuingiza risasi nzima na kuitikisa ili wasikie inacheza kiasi gani. Jambo hilo ni upumbavu katika bunduki yoyote, na katika SAR ni upumbavu maradufu, kwa sababu ambayo nitaieleza baadaye kidogo.

Kisha safisha. Nasema hivi kwa mkazo, kwa kuwa masizi yaliyokauka penye bega la chemba, au nyuzi za pamba na vumbi lililogandamana na mafuta katika uso wa bolti, hutosha kabisa kuidanganya geji. Uchafu hula nafasi, na bunduki iliyolegea ikaonekana imebana. Tumia brashi ya chemba, kitambaa, na mafuta mepesi, kisha pangusa mpaka pakauke, kwa maana mafuta nayo yana unene. Toa kifuniko cha nyuma pamoja na springi yake. Toa bolti na kibebeo. Iondolee bolti kulabu ya kuvutia ganda na pini ya kupigia fataki, ikiwa unajua kuzitoa na kuzirudisha, na ikiwa hujui basi kazi hii si yako bado. Kulabu hutolewa kwa kuwa husukuma geji upande, na geji iliyoinama husema uongo.

Hapo pana faida ya pili ambayo haihusu nafasi ya ganda moja kwa moja, ila ni nduguye. Pini ya SAR nyingi haina springi ya kuizuia. Huelea huru ndani ya bolti, ikienda mbele na nyuma kwa uzito wake. Grisi ikigandia humo, au kutu, pini hukwama ikiwa imetokeza, na bolti ikirudi mbele kwa kishindo hupiga fataki yenyewe bila kidole kugusa mtambo. Na bunduki huweza kulia mara mbili au tatu mfululizo kabla mtu hajajua kinachotendeka. Hiyo ndiyo sababu niliyoahidi. Kabla ya kuirudisha bolti katika kiwiliwili, itikise karibu na sikio: usikie pini ikigonga huku na huku, wazi, kama mbegu ndani ya kibuyu kikavu. Usiposikia, rudi kwenye mafuta ya taa.

Geji ziko tatu, nazo ni vipande vya chuma kigumu vilivyochongwa kwa umbo la ganda, kila kimoja kirefu kuliko mwenziwe kwa kiasi ambacho jicho haliwezi kukitambua. Ya kwanza ni ya kukubali, ya pili ni ya kukataa, na ya tatu ni ya mwisho, ile ya kuiondoa bunduki kazini. Baina ya ya kwanza na ya pili, kwa risasi za bega kama hii, kwa kawaida ni kiasi cha sehemu 10 hadi 15 za mia ya milimita moja, yaani unene wa karatasi ya daftari au moja na nusu. Fundi wa pikipiki pale Bariadi stendi anayelegeza na kukaza valvu kwa vijembe vya kupimia atakuelewa mara moja, kwa kuwa yeye hupigana na unene kama huo kila siku, na hujua kwamba valvu iliyolegea hupiga kelele ilhali iliyobana hunyamaza na kuungua. Tofauti ni kwamba bunduki iliyolegea nayo hunyamaza.

Weka geji ya kukubali ndani ya chemba, rudisha bolti na kibebeo bila springi, usukume kwa kidole kimoja, polepole, kama mtu afungaye mlango wa chumba alimolala mtoto. Usiiachie bolti irushwe na springi yake hata mara moja, kwa kuwa kishindo kitailazimisha geji iingie pasipowezekana, kikaharibu geji na chemba pamoja. Katika SAR bolti hufunga kwa kuinama: mkia wake hushuka nyuma na kuegemea kizuizi cha chuma kigumu kilichomo ndani ya kiwiliwili, na kibebeo husonga mpaka mwisho wake. Tazama mkia huo. Umeshuka wote? Vema. Toa geji hiyo, uweke ya pili. Safari hii mkia usishuke. Ukishuka, weka ya tatu. Rudia kila moja mara tatu, na majibu yasipofanana yote matatu, tatizo ni uchafu au mkono wako, safisha uanze upya.

Majibu yenyewe ni machache. Ikikubali ya kwanza na kukataa ya pili, bunduki ni nzima. Ikikubali ya pili na kukataa ya tatu, imeanza kuchoka, nayo yaweza kuendelea kwa kuangaliwa, ila si ya kumpa kijana aendaye doria ya siku nyingi porini mbali na fundi. Ikikubali ya tatu, ifunge kamba nyekundu mtamboni na uiweke kando siku hiyo hiyo, bila ya kungoja barua.

Naam, lakini geji hazipatikani kila mahali, na najua msomaji wa Lagangabilili au Nkololo atauliza afanye nini yeye. Ajibiwe kwamba maganda aliyokwisha kuyapiga ni barua ambazo bunduki humwandikia, akiwa na subira ya kuzisoma. Okota maganda matano ya bunduki moja, yafute vumbi, uyatazame juani. Mviringo unaong’aa, uliolizunguka ganda juu kidogo ya kitako, ni dalili ya chuma kilichoanza kunyooshwa. Chukua waya mwembamba, upinde ncha yake kidogo iwe kama ndoana, uupitishe ndani ya ganda mpaka chini, kisha uupandishe ukiuegemeza ukutani: ukihisi ncha inaangukia katika mfereji, ganda hilo lilikuwa karibu kukatika. Fataki iliyotokeza nje ya kitako nayo ni ya kutiliwa shaka, kadhalika ganda lililopasuka kwa mviringo.

Walakini usihukumu kwa haraka. Maganda ya risasi za Kichina na za Kirusi aghalabu ni ya chuma kilichopakwa rangi au shaba, si shaba yenyewe, na chuma hicho hakinyooki kwa utiifu wa shaba. Ganda la namna hiyo laweza kukatika bila ya kuonyesha mviringo kwanza. Mpasuko wa kwenda urefu wa ganda kwa kawaida ni uzee wa risasi, si kosa la bolti. Ganda likataalo kutoka huenda ni chemba chafu tu. Kusoma maganda ni kama kupapasa paji la uso wa mgonjwa: utajua kama ana homa, hutajua ni homa ya nini, na dalili ikionekana lazima bunduki ipelekwe kwenye geji.

Kuhusu kusahihisha sina maneno mengi, maana mengi ya kusemwa ni makatazo. Bunduki iliyobana, isiyokubali hata geji ya kwanza, isafishwe tena kabla ya jambo lingine lolote, kisha itazamwe kama kuna kipande cha ganda la zamani kilichobaki chembani. Usiguse uso wa bolti wala kizuizi kwa tupa. Vimegandishwa ugumu juu juu tu, na ukiuondoa utando huo umeondoa uhai wa bunduki. Kwa iliyolegea, dawa ya kwanza ni kuirudishia bolti yake yenye nambari yake, na ningethubutu kusema kwamba katika ghala lililowahi kupatwa na habari ya beseni dawa hiyo itaponya zaidi ya nusu ya wagonjwa. Isipopona, fundi mwenye leseni atajaribu bolti nyingine mpaka apate ile ambayo geji zinaikubali, kisha aipige muhuri upya. Na hilo likishindikana, ni kasiba kubadilishwa, au bunduki kustaafu.

Bunduki nyingine ziliumbwa kwa ukarimu zaidi. Ile 303 ya namba 4 ina kichwa cha bolti kinachofunguliwa kwa mkono, nacho hutengenezwa kwa ukubwa wa namba 0 hadi 3, ili fundi apandishe namba nafasi inapolegea. G3, ambayo jirani zetu wa Kenya wameitumia sana, hupimwa kwa kijembe baina ya kichwa cha bolti na kibebeo, isipungue sehemu 10 wala isizidi sehemu 50 za mia ya milimita, na husahihishwa kwa kubadilisha viringisho vyake viwili kwa vinene zaidi. SAR haina mlango kama huo. Mchina hakutazamia kwamba tungeihitaji baada ya miaka sitini.

Na sasa neno juu ya welda. Bariadi ina mafundi wa kuchomelea ambao plau iliyovunjika katikati huiunga ikalima misimu mingine mitatu, na mimi nawaheshimu kwa dhati. Lakini bolti si plau. Moto wa kuchomelea huufanya mkia wa bolti uwe laini kama msumari, nayo itapimika vizuri jioni ile na kulegea tena kabla ya magazini ya tatu. Fauka ya hayo, Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015 haimruhusu asiye na leseni kutengeneza silaha ya mtu, kwa hiyo unamtia mwungwana huyo matatani kwa shilingi chache. Mwenye bunduki ya leseni apitie polisi wilayani kuuliza fundi anayetambuliwa. Askari na aipeleke kwa mkuu wa ghala lake, kwa maandishi, ashike nakala.

Bunduki ikirudi kutoka kwa fundi, haipigwi kwanza begani. Hufungwa imara juu ya mifuko ya mchanga katika uwanja wa shabaha unaoruhusiwa, risasi moja tu katika magazini, kamba ndefu mtamboni, na mpigaji nyuma ya kinga. Ganda huokotwa na kusomwa kwa jicho na kwa waya kabla ya risasi ya pili kuwekwa, kisha ya pili kabla ya ya tatu. Maganda hayo matatu usiyatupe. Yatie katika bahasha, uandike juu yake nambari ya bolti, nambari ya kasiba na tarehe, uibandike bahasha hiyo katika ukurasa wa bunduki ndani ya daftari la ghala, ili mwakani, pamba ikiisha kuvunwa na bunduki zikifunguliwa tena, moja moja, kila moja na kitambaa chake, atakayekuwapo awe na cha kulinganishia.